Mpangaji wa Mama Yangu

Dada yangu Myriam alikuwa na akili ya kuendesha kampuni nzima, ila sauti yake ilikuwa ya kuombea chumvi kwa jirani. Ukimuuliza jina lake mbele ya watu, anakujibu huku akiangalia vidole vyake vya miguu. Alimaliza chuo na alama nzuri, akakaa nyumbani muda mrefu akituma barua za kuomba kazi ambazo hazikujibiwa. Kwa hiyo kampuni moja ya shaba ilipomwita kwenye usaili wa kazi ya magasini, kule wanakotunza vipuri na mafuta ya mitambo, mama na mimi tulifurahi na kuogopa kwa wakati mmoja. Tulijua majibu anayo. Tuliogopa tu kwamba hakuna atakayeyasikia.

Mimi ni Kabemba, kaka yake mkubwa. Shule niliiacha baba alipofariki huko Lubudi, alikokuwa akifanya kazi ya reli, na mama akatuleta Kolwezi. Nikaingia kwenye mashimo ya Mashamba, nikawa mchimbaji wa mkono, wale ambao huku tunaitwa creuseurs. Watu wanatudharau, sawa, wana haki ya kuwa wajinga. Lakini niambieni, nani anajua kuliko sisi kukaa mbele ya mtu mwenye nguvu? Kila mara nilipopeleka gunia langu la madini depo, nilisimama mbele ya mnunuzi ambaye amekusudia tangu asubuhi kukwambia kwamba ulichobeba ni mawe matupu. Ukiinamisha macho, umekwisha. Nilifanya usaili wa namna hiyo maisha yangu yote, tena bila kuoga.

Basi nikamwekea Myriam kiti uani, nami nikakalia beseni lililopinduliwa, nikavaa miwani ya mama, nikawa mkurugenzi. Nilimuuliza kwa Kifaransa changu cha kuokoteza kwa nini tumpe yeye kazi na si mwingine. Mara ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu. Mara ya pili alilia. Mara ya tatu akajibu, polepole, na mama aliyekuwa pembeni akibanika samaki wa ziwa la Nzilo wa kuuza akaacha kugeuza samaki ili asikilize. Nikamfundisha asimalize jibu kwa kunong'ona. Nikamfundisha kwamba kama hajui, aseme hajui, kisha anyamaze bila kuomba radhi. Mama naye akaingilia na maswali yake, yale ya kichokozi: mkubwa wako wa kazi akiiba mafuta utafanya nini, na akikuambia umsaidie kubeba? Mwisho wa wiki Myriam alikuwa anatujibu sisi wawili akitukazia macho, na mimi ningemwajiri palepale kama ningekuwa na kitu zaidi ya chepe.

Siku yenyewe alirudi mchana akiwa anang'aa. Tulimwekea bukari, ugali wetu wa huku, hakuigusa kwanza, alitaka kusimulia. Walikuwa watu wanne mezani. Walimuuliza juu ya hesabu za magasini, akajibu. Walimuuliza angefanya nini kama vipuri vimepungua na hakuna aliyevitia saini, akajibu, na mmoja wao, mzee anayeitwa tata Ngeleka, anayeshughulika na wafanyakazi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama alikuwa anapiga makofi kidogo kidogo kila jibu, na mimi nilikaa nimejaa majivuno.

Kisha Myriam akaivuta sahani. Akaanza kumega bukari na kuifinyanga bila kuitia mdomoni. Akasema walimuuliza pia kuhusu ndugu zake.

Sote watatu tulilijua jambo hilo na hakuna aliyependa kulitaja. Kampuni ile iliwaogopa wachimbaji kama ugonjwa. Walituhesabu kuwa tunaingia kwenye eneo lao usiku, na kwamba wenye ndugu ndani ya kampuni ndio wanaopewa habari za walinzi. Dady wa barabara ya pili alishafika mpaka kwenye vipimo vya afya, wakagundua kaka yake anaosha madini mtoni, wakamrudisha nyumbani. Myriam aliangalia sahani yake, sauti ikarudi kuwa ile ya zamani, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya, niliwaambia sina ndugu. Niliwaambia niko mi na mama tu."

Nilicheka. Ninasema kweli, nilicheka, kwa sababu ningefanya nini kingine? Nilimwambia amefanya vizuri, hata mimi kuna siku hujikana nikijiona kwenye kioo. Yeye hakucheka, mama pia hakucheka. Kitu kilinichoma chini ya mbavu, nikakimeza pamoja na bukari, na nikaamini kimepita.

Hakikupita, maana kampuni ile ilikuwa na utaratibu wake: kabla ya kumpa mtu kazi, wanakuja kumtembelea kwao. Wanaangalia anaishi wapi, na nani, watu wa nyumbani wana adabu gani. Ujumbe ulifika kwamba tata Ngeleka mwenyewe atakuja Alhamisi.

Wazo la mpangaji lilikuwa langu. Nyuma ya nyumba tulikuwa na chumba kimoja nilichokuwa nalala, chenye mlango wake, na mji mzima wa Kolwezi umejaa vyumba kama hivyo vya kupangisha. Nikasema mimi nitakuwa kijana aliyepanga, anayeuza vocha za simu mjini. Mama alikataa kwa siku nzima. Alisema hajawahi kusikia mtoto anapangishwa na tumbo lililomzaa. Nikamtania kwamba asiwe na hofu, nitakuwa mpangaji mwema, sitaleta wanawake. Jioni akakubali, si kwa sababu ya maneno yangu, bali kwa sababu Myriam alikuwa amekaa mlangoni akiwa na uso wa mtu aliyeambiwa kila kitu kimeharibika.

Tulipeleka chepe, taa ya kichwani na magunia yangu kwa jirani. Picha yangu ya komunyo ya kwanza, iliyokuwa ukutani tangu Lubudi, niliishusha mimi mwenyewe, na pale ilipokuwa pakabaki mraba wa rangi safi, ikabidi tuweke kalenda. Lakini kazi kubwa ilikuwa jina la mama. Huku kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo linabaki kanisani. Mtaani anaitwa kwa mzaliwa wake wa kwanza. Hakuna aliyemwita mama yangu Laurentine. Kwa kila mtu alikuwa Mama Kabemba. Basi tulipita nyumba kwa nyumba tukiwaomba majirani wamwite Mama Myriam, na wao, Mungu awabariki, walijizoeza wakicheka, watoto wao wakiwasahihisha. Mtaa mzima uliibeba siri yetu kama jeneza la jirani, bila kuuliza malipo.

Alhamisi tata Ngeleka alifika. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, akanishinda kwa upole wake. Alivua kofia mlangoni, akamsalimu mama kwa mikono miwili, akala samaki aliyepewa na kuyasifu mapishi. Mimi nilikuwa uani kwenye kigoda, nimeshika simu na karatasi za vocha, masikio yote yakiwa ndani. Myriam alijibu vizuri. Mama alijibu vizuri. Tata Ngeleka akatoka nje kuaga, akaniona, akaniuliza kama mpangaji naionaje familia hii. Nilimwambia kwamba nimeishi sehemu nyingi, sijaona nyumba inayomtunza mtu kama hii, na kwamba yule binti hawezi kuchukua hata msumari usio wake. Nilisema nikimwangalia usoni. Naye alifurahi, niliona.

Tungekuwa tumemaliza. Alikuwa ameshavaa kofia. Lakini majirani tuliwafundisha, wateja tukawasahau. Mama Stéphanie, mwanamke wa mtaa wa pili anayenunua samaki kila Alhamisi, alisimama nje ya ukuta wa matofali na kuita kwa sauti yake ya sokoni.

"Mama Kabemba, samaki iko?"

Tata Ngeleka aligeuka, akamtazama mama bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza njia.

"Kabemba njo nani, mama?"

Hapo huwezi kusema ni jina tu. Huyo mzee ni mtu wa huku, alijua vizuri kwamba mwanamke haitwi kwa jina la mtoto ambaye hakumzaa. Myriam alikuwa amefumba macho. Mimi nilikuwa nafikiria kusimama na kusema ni mimi, liwalo na liwe, na miguu yangu ilikuwa imeshaanza kunyanyuka. Mama alinitangulia. Alifuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kwa kidole.

"Njo mutoto yangu ya kwanza, tata," alisema. "Alikufaka."

"Pole, mama. Alikufa na nini?"

"Na shimo. Kule Mashamba. Udongo ilimufunika."

Alisema hivyo akiwa amenipa mgongo, na mimi niko hatua chache nyuma yake, mzima, nimeshika vocha. Tata Ngeleka alivua kofia tena. Alisema sasa anaelewa kwa nini binti alisema hana ndugu, na kwamba nyumba iliyolia kwa sababu ya shimo haiwezi kuwatuma watu wengine shimoni. Kisha akaomba tusimame wote tusali, na mpangaji pia. Nikasimama. Akamwomba Mungu amfariji mama huyu aliyempoteza mzaliwa wake wa kwanza, naye mama alikuwa analia kweli, na mimi nikasema amina.

Myriam alipata kazi wiki iliyofuata. Nasikia walisema ofisini kwamba hakuna mwombaji aliyewaachia picha nzuri kama yeye.

Sitasema kazi ile haikuleta kitu. Alfajiri basi la kampuni lilimchukua kwenye kona, amevaa viatu vigumu na kofia ya plastiki, na sauti yake ikakua, akawa anaamuru madereva wazima. Tulibadilisha mabati. Mama alipata kadi ya matibabu kwenye kliniki yao. Mimi nilibaki mpangaji, maana wenzake kazini walikuwa wanapita nyumbani Jumapili bila taarifa. Walinizoea. Walinunua vocha kwangu, ikabidi kweli niwe naziweka. Myriam akinipita mbele yao alinisalimia bonjour, na usiku alikuja mlangoni kwangu na sahani ya chakula, anakaa chini mpaka nimalize kula. Sikumlaumu. Siku nyingine nilimlaumu sana.

Aliyeharibika alikuwa mama. Tangu Alhamisi ile hakulitaja jina langu tena. Aliniita "wewe" au "baba". Kwetu hakuna mzazi anayetamka kifo cha mtoto aliye hai, hata kwa hasira, hata kwa mzaha, na yeye alikuwa ametamka mpaka na mahali. Alinikataza nisiende Mashamba tena. Nikamuuliza tutakula vocha? Nikaenda. Nikirudi jioni nilimkuta amesimama barabarani, amesimama tangu saa za mchana, majirani wamemwambia akae amekataa. Alinipapasa uso, shingo, mikono, kama anayenunua mbuzi. Nilijaribu kumchekesha. Nilimwambia marehemu anaomba bukari na samaki mkubwa. Siku ile alinipiga kofi, mimi mtu mzima mwenye ndevu, halafu akakaa chini kwenye vumbi.

"Nilikuzika na mudomo yangu," alisema. "Mi mwenyewe. Hakuna mutu alinilazimisha."

Nilimwambia amefanya kwa ajili ya Myriam, na kwamba ningekuwa yeye ningesema vilevile. Sikuwa na hakika. Alienda kwa padri akaungama, padri akamsamehe, akarudi nyumbani bado hajasamehewa.

Mwaka ukaisha, mwingine ukafuata, na presha ikampanda, ikashuka, ikampanda tena. Kwenye kliniki ya kampuni walimpokea vizuri kwa ajili ya Myriam, na mimi nilikuwa naenda na thermos ya uji, nikijieleza mlangoni kwamba nimekuja kumwona mama mwenye nyumba wangu. Waliniruhusu kwa dakika chache, baada ya familia. Mara ya mwisho alinishika kidole gumba, kama watoto wachanga wanavyoshika, na muuguzi akasema jamani huyu mama ana wapangaji wenye bahati. Alifariki alfajiri, na habari niliipata kwa wenzake Myriam waliokuja na basi.

Kampuni iligharimia kila kitu, na ikamtuma tata Ngeleka. Mjomba wetu Kalala, kaka yake mama, alishuka na treni kutoka Lubudi, na asubuhi ya mazishi Myriam akamweleza mambo yote jikoni. Mjomba alitoka jikoni akiwa mweusi kwa hasira. Alinikuta nimekaa nje na wanaume wa mtaani, sio ndani kwenye mkeka na mtoto wa marehemu, akanivuta nyuma ya nyumba na kuniambia hawezi kuacha mtoto wa dada yake aomboleze kama mgeni. Nilimwomba. Nilipiga magoti. Nilimwambia Myriam ndiye anayekula kwenye kazi ile, na mimi siku yoyote nitakuwa chini ya udongo kweli, halafu atabaki na nini? Akaondoka akifuta macho kwa koti.

Makaburini tata Ngeleka alizungumza kwa niaba ya kampuni. Alisema mama Laurentine anamwacha mtoto mmoja, binti yetu Myriam, na kwamba leo anamkuta mwanawe Kabemba aliyetangulia. Majirani zangu, watu walionijua tangu nikiwa na kaptula, waliangalia chini wote. Nilisikia jina langu likipita juu ya kaburi, na nilikuwa nimesimama kati ya muuza makaa na mwanamke mmoja wa kwaya.

Kisha ikaja zamu ya udongo. Kwetu anayetupa wa kwanza ni mzaliwa wa kwanza, hakuna anayemtangulia, hata mume. Mjomba alisimama ukingoni mwa kaburi. Hakumtazama Myriam. Alinitafuta mimi katikati ya watu mpaka akanipata.

"Mutoto ya kwanza akuje," alisema.

Watu wa kampuni wakamgeukia Myriam. Myriam alikuwa na udongo mkononi, naye hakuutupa. Aligeuka, uso umevimba, akanitafuta kama mjomba, na alipoyaona macho yangu midomo yake ikafunguka. Nilijua anataka kuniita. Angeita yaya, mbele ya tata Ngeleka na basi zima la wafanyakazi, na baada ya hapo angerudi nyumbani kukaa na barua zake. Alikuwa tayari. Na mimi nilitaka aite, nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Lakini nikamfikiria mama akifuta mikono kwenye kitenge. Alililipia lile neno kwa maisha yake. Nikijitokeza sasa, atakuwa mwongo kando ya kaburi lake mwenyewe, na uchungu wake wote utakuwa wa bure. Nikatikisa kichwa kumkataza. Nikarudi nyuma ya muuza makaa.

Myriam akautupa udongo. Niliusikia ukigonga mbao, na niliumia mpaka nikatamani maneno ya mama yangekuwa kweli.

Walifuata ndugu wa Lubudi, wakafuata watu wa kampuni, wakafuata majirani. Mimi nilitupa wangu mwishoni kabisa, na hapo nikashindwa kujizuia. Nililia kwa sauti, kilio kibaya, cha mtoto mdogo. Watu wa kazini walishangaa. Tata Ngeleka alinijia, akaniwekea mkono begani, akanipa kitambaa chake kilichokunjwa vizuri. Alisema ameona watoto wa kuzaa wasiolia hivi, na kwamba kuanzia leo atanitia kwenye sala zake.

"Jina yako njo nani, kijana?"

Miaka yote ile hakuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kujitafutia jina. Kando yake Myriam alikuwa amesimama na mikono michafu, ananisikiliza. Nikachukua la marehemu baba, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu.

"Philippe, tata."

Alisema Mungu amfariji Philippe, akanipigapiga bega, akaenda kupanda basi.